Malalamiko Dhidi ya Mwamba Ulio Chini ya Ua Wetu

Kwa Ofisa wa Miamba na Maji ya Chini ya Ardhi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote unaoshirikiana nao ofisini. Mimi ni binti niliyemaliza shule mwaka huu. Nyumbani wananiita Bubu, kwa upendo, kwa kuwa si msemaji. Ndiyo maana naandika.

Kabla ya malalamiko naomba uijue hali yetu. Tuko watatu: baba, bibi na mimi. Bibi magoti yamemchoka na macho yanamwona mtu akishafika karibu. Baba hutoka alfajiri kwenda kazini. Mchota maji ni mimi, safari sita kwa siku kwenye bomba la mtaa, ndoo mbili kila safari. Nimepata nafasi chuoni kusomea upimaji wa ardhi, na chuo kinafunguliwa baada ya wiki tatu. Baba alisema, "Kisima kikitoa maji, nenda na baraka zangu. Kisipotoa, bibi yako atakunywa cheti?" Kisima hakikutoa. Anayehusika ni mwamba, na makosa yake ni haya:

1. Mwamba una upendeleo. Jirani yetu, tunayemwita Mama Tangi kwa ajili ya tangi lake, alichimba mwaka jana akapata maji kwenye mita thelathini na nane. Sisi, tunaotenganishwa naye na ukuta tu, tumefika mita tisini na tumepata vumbi. Mama Tangi alichungulia akasema, "Poleni majirani, maji ni bahati." Kisha akaendelea kumwagilia maua.

2. Umemvunjia heshima mtaalamu. Mpima maji alikuja Jumatatu na nyaya, misumari mirefu na kisanduku cha betri. Alitueleza kwamba chini yetu kuna granaiti, jiwe gumu lisilopitisha maji, ila lina ufa mmoja mwembamba unaotokea kwa Mama Tangi na kukatiza ua wetu, na maji yamo ndani ya ufa huo. Akapigilia kigingi chenye kitambaa chekundu, akamwambia bibi, "Bibi, hapa ndipo. Mkisogea hata hatua tano mmeukosa." Mashahidi tulikuwa wawili, bibi pale uani na mimi dirishani. Mwamba nao ulikuwepo, ukasikia.

3. Umemwaibisha mkandarasi tuliyemchagua kwa uangalifu. Wa kwanza tulimkataa kwa sababu alisema hahitaji vipimo, maji huyaona ndotoni. Wa pili hakuwa na mtambo wa kuchimbia, alikuwa na picha ya mtambo. Wa tatu alifika Jumatano na lori lenye mtambo, mabomba, mkataba na mafundi watatu. Baba alikuwa kazini. Mkandarasi aliniuliza, "Binti, kigingi chenyewe ni hiki?" Nikaitikia kwa kichwa, maana wote wanne walikuwa wananitazama. Wakaanza. Vumbi la kijivu lilipanda hadi kwenye nguo nilizoanika, likashuka hadi kwenye uji wa bibi. Kwenye mita sitini alizima mtambo akasema, "Bibi, mwamba huu umenuna." Bibi akamjibu, "Umenuna wenyewe, wewe umenunia nini? Chimba." Kwenye mita tisini alizima tena, na safari hii bibi aliinuka akaingia ndani.

4. Unapinga kitabu cha shule. Kitabu kinasema maji ya mwamba mgumu hukaa kwenye nyufa, nami nilipata alama ya juu kwa kuandika hivyo. Mtaalamu ameuona ufa Jumatatu, Jumatano haupo. Ufa hauna miguu. Basi kuna mtu ameuhamisha. Sipendi kusema watu, lakini Mama Tangi ana pampu kubwa, na pampu ikivuta sana, ufa si utafuata?

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima:

Kwanza, mwamba uitwe ofisini ujieleze. Najua ni mzito na huenda usifike. Basi ofisi ije uani, mwamba usikilizwe ukiwa umelala hapo hapo. Pili, Mama Tangi azuiwe kuvuta maji kwa siku tatu ili ufa urudi kwa wenyewe. Ikishindikana, chuo kihamishiwe kwetu. Nitasoma huku nikichota maji, na wanafunzi wenzangu hawatakosa shimo la mafunzo, maana tunalo la mita tisini.

Nisalimie makarani, mlinzi wa getini, na yule anayepaka rangi ramani za miamba. Kazi yake niliipenda sana nilipoiona kitabuni.

Ni mimi, mwenye ndoo mbili,
Binti wa nyumba ya geti la kijani

N.B. Tafadhali usiyafanyie kazi yaliyo hapo juu. Leo nikiwa nafagia ua nimekuta kitundu, na ndani yake uzi mwekundu. Nikakumbuka. Jumanne bibi alisema wageni wanakuja, ua uwe safi. Kigingi kilikuwa kinazuia ufagio. Nikaking'oa, nikafagia vizuri, nikakirudisha pembeni karibu na ukuta, kikiwa kimenyooka kuliko mwanzo. Ua wetu ni mchanga mtupu, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Nimepima kutoka kitundu hadi shimo la mkandarasi: hatua saba.

Nimemwambia bibi. Alicheka hadi akashika magoti, kisha akasema, "Mimi umeniambia. Sasa kamwambie mwenye mtambo." Mkataba una nafasi ya shimo la pili, ambalo baba alikuwa amelikatia tamaa, na mkandarasi anakuja kesho asubuhi kuchukua mabomba yake. Nimejizoeza mbele ya kioo: "Shikamoo fundi, si hapa, ni pale." Ni maneno sita. Yakinishinda, nitasimama kwenye kitundu nimeshika kigingi mpaka anione.

Chuo kisijue habari hii. Mama Tangi nitamsalimia kwa adabu. Mwamba nimeuomba radhi. Haukujibu, lakini hata mimi huwa sijibu.