Mtukufu na Vifungo vya Watu

Jumatatu, 4 Machi

Nimesali, kisha nimejipa cheo. Kuanzia leo mimi ni mwana wa mfalme aliyepinduliwa. Ufalme gani? Wa mbali. Kuna tajiri wa mabati hapa mjini anakufa kwa hamu ya kuitwa mheshimiwa, nami nitamuuzia Uliwali wa Heshima. Mungu sijamdanganya. Yeye ajua mimi ni fundi cherehani. Wengine ndio hawajaambiwa.

Shida nguo. Shemeji yangu, fundi wa mlango wa pili, ana koti la mahameli aliloishonea bendi, ikamkimbia. Kaniazima mpaka Jumapili, kwa rehani ya cherehani yangu. Akasema likirudi na kasoro hata ya tone la chai, cherehani nihesabu imeolewa kwake. Mke wangu kauliza kama nina akili timamu. Nimemwambia imani hutangulia.

Jumatano, 6 Machi

Nimepokewa! Sebule ya tajiri ina viti vilivyovikwa nailoni, havikaliwi. Nimekaa. Nimeongea polepole, puani kidogo, kama mtu aliyezaliwa juu ya zulia. Mkewe kaniita Mtukufu mara sita. Tajiri anataka avikwe cheo Jumamosi, mbele ya wageni, ndipo atoe bahasha. Nikasema sawa, kwetu pupa ni ya wachuuzi.

Jumamosi, 9 Machi

Mkono umeniponza. Namvisha tajiri utepe wa uliwali, naona kifungo cha koti lake kinaning'inia kwa uzi mmoja. Miaka ishirini na sita ya kazi haiombi ruhusa. Kufumba na kufumbua nimechomoa sindano niliyoichomeka ukosini kwa mazoea, nimeshona, nimekata uzi kwa meno.

Wageni wakatazamana. Nikajikaza. Nikatangaza kuwa hiyo ndiyo heshima kuu ya ufalme wetu, mwana wa mfalme kumshonea mtu kifungo kwa mkono wake.

Wakaamini. Balaa ni kwamba waliamini mno. Hakimu mstaafu kang'oa chake palepale, kasimama foleni. Bibi mmoja kaninong'oneza kuwa Mtukufu, vifungo sina, ila pindo limefumuka. Nimeshona mpaka jua linazama.

Bahasha? Tajiri kairudisha mfukoni, machozi yakimlengalenga. Kasema mkono wa kifalme hautukanwi kwa pesa. Mkewe kanitwisha suruali kumi na nne za kupunguza kiuno. Ijumaa watazifuata.

Jumapili, 10 Machi

Kwa kuinama kote kule, kwapa la koti liliachia. Nililishona asione mtu. Shemeji si mtu, ni fundi. Kaligeuza nje ndani, kauliza kama Mtukufu alikuwa analima. Cherehani imebaki kwake. Nimemwomba aniazime walau siku mbili. Kasema mwana wa mfalme ana watumishi, awatume.

Jumatatu, 11 Machi

Nashona kwa mkono. Vidole vimevimba. Mke wangu ananitilia uzi. Kasema, taratibu tu, kuwa ningebisha hodi kwa tajiri kama fundi, leo ningekuwa nimelipwa kila kifungo, na cherehani ipo mahali pake.

Neno zito. Nimelitafakari kwa unyenyekevu, nikaliombea. Nimeliona kosa. Mwana wa mfalme ni cheo kidogo, bado anatumika. Mtaa wa juu kuna mjane wa mwenye viwanda. Kwake naenda kama mfalme mwenyewe. Mfalme hashiki sindano.

Kesho nafunga, ili jambo lianze kwa moyo safi.