Jicho Langu na Mshale wa Spidi

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu mzito. Nimegonga geti la kiwanda. Geti letu wenyewe! Miaka thelathini na moja naendesha gari la mikate, sijamgusa hata kuku.

Naandika ili ukweli ubaki. Nilikuwa natambaa. Weupe kila upande, miti inapita taratibu kama wafiwa. Nikasema moyoni: arobaini, haizidi. Mlinzi anaapa nilikuja kama risasi. Mlinzi ana makengeza, anajua nini! Mikate ikamwagika barabarani. Kunguru wakala wakasaza.

Mshale wa spidi kwenye gari langu ulikufa zamani, sikuulilia. Nina jicho. Kwa jicho hili nitakwambia gari linakwenda ngapi kabla dereva wake hajajua.

Kobe kacheka. Kobe ni dereva mwenzangu, jina kapewa kwa mwendo wake. Haondoi macho kwenye mshale wa gari lake, utadhani ni mchumba. Kaniita Mzee Jicho mbele ya wapakiaji.

Jumanne, 4 Juni

Meneja kaniita. Kasema kwa adabu, na hiyo ndiyo inayouma. Ati mzee wangu, Alhamisi ukapimwe macho. Ukifeli, funguo anachukua Kobe, wewe utakaa getini. Getini! Nimfungulie Kobe!

Nimerudi nyumbani, sahani nimeisukuma kando. Mke wangu kauliza nina nini. Nimesema jino. Bila gari mimi nani? Mzee fulani mwenye kofia.

Binti yangu yuko mapokezi kwa huyo daktari wa macho. Nimembembeleza mpaka kasema. Kuna kioo, mistari inapita. Upande mmoja myeusi tii, upande mwingine hafifu kama nguo iliyofuliwa sana. Unaulizwa ipi inakimbia zaidi. Kasema Baba, usihangaike, kitu hicho hakina kujiandaa. Ubishi huu kautoa wapi, sijui.

Jumatano, 5 Juni

Mpango! Nimepindua baiskeli sebuleni, magurudumu juu, nikafunga kadibodi kwenye moja na kuchora mistari kwa mkaa. Mke wangu azungushe, mimi nikaze macho upande mmoja tu, jicho linoleke. Kazungusha akinung'unika kwamba aliolewa na dereva, si fundi baiskeli. Sikupepesa. Dakika moja, mbili. Mistari inashuka, inashuka. Nikamwambia basi. Nikatazama ukuta.

Ukuta unapanda! Ukuta, kalenda, kabati la vyombo, vyote vinapaa na havifiki popote. Nikapiga ukelele kwamba nyumba inang'oka; mke wangu kasema haijasogea hata unywele. Nikalikumbatia kabati nilizuie. Likaja lote. Sahani sita, na birika la marehemu mama yake.

Hasemi nami. Hata kukohoa anakohoa kwa upande wa pili. Lakini jicho limenoleka.

Alhamisi, 6 Juni

Daktari ni msichana, viatu vyangu vimemzidi umri. Mistari myeusi kushoto, hafifu kulia. Nikajibu papo hapo: ya kushoto inakimbia, ya kulia inajikokota. Mara kumi, jibu lile lile. Nikamwonea huruma kwa mtihani mwepesi hivyo.

Kasema yote ilikwenda sawasawa.

Nikakataa. Nikataka kuona nyuma ya mashine. Kanionyesha. Kisha kasema Babu, macho yako mazima kabisa. Jicho linaleta picha tu; mwendo unakisiwa na ubongo, na kitu kikiwa hafifu, ubongo hukiona kinakwenda polepole. Ndiyo maana kwenye ukungu mtu anakimbia akidhani anatambaa. Kasema hata yeye hudanganyika. Kobe naye alipimwa asubuhi, kajibu kama mimi, neno kwa neno. Ila Kobe hutazama mshale.

Kwa hiyo sijafeli! Meneja kakubali nibaki na funguo. Fundi anatia mshale mpya, sharti langu ni kuutazama.

Nilipaswa kufurahi. Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikashindwa kunyanyuka. Miaka thelathini na moja najivunia jicho, kumbe ni jicho la kila mtu. Hata la Kobe.

Ijumaa, 7 Juni

Ukungu tena. Mshale unang'aa kama jino la dhahabu. Nimeondoka natambaa, konokono angenipita. Nikautazama mara moja, kama sharti lilivyo.

Themanini!

Mwongo! Fundi kauweka vibaya, au kapangwa na Kobe. Siwezi kuendesha huku natukanwa ndani ya gari langu. Nikaubandikia karatasi ya kufungia mkate. Raha! Kisha ikaja kona.

Gari liko mtaroni, mimi mzima. Meneja kanyoosha kiganja tu. Nikampa funguo. Zilikuwa bado na joto la mkono wangu.

Jumatatu, 10 Juni

Getini. Mwenye makengeza ananifundisha kuinua chuma cha geti! Nimekufa nikiwa nimesimama.

Ukungu. Nikamwona Kobe kule mbali, hafifu, mwendo wa jeneza. Nikasema huyu mpaka afike nitakuwa nimevuka, nimenunua chai, nimerudi. Nikavuka.

Matairi yakalia. Nikaruka, nikaangukia kreti, mguu ukateguka. Kobe kashuka, machozi kabisa, ananiita Baba, siyo Mzee Jicho. Kasema alikuwa kwenye ishirini, mshale wake shahidi, na angezidisha kidogo tu sasa hivi tungekuwa tunatafuta sanda.

Ishirini! Nilimwona kwa macho yangu. Ilikuwa tano.

Niko kitandani, mguu juu ya mto. Mke wangu kaanza kusema nami, kwa kunitukana. Binti yangu ananifunga bandeji, kainamisha uso. Nimemwomba karatasi nimwandikie Meneja. Kwamba mishale ya kiwanda chote ni mibovu, na ushahidi ninao. Ikiwa mshale wa Kobe unasoma ishirini gari likiwa kwenye tano, basi wangu uliposoma themanini nilikuwa kwenye ishirini. Hesabu hiyo hata yeye ataiweza.

Naomba funguo zangu.