Gari la Kukodi na Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Tumetua! Mke wangu akaelekea kwenye treni. Mimi nikaelekea kaunta ya magari ya kukodi, nilikoagiza gari kimyakimya wiki tatu zilizopita. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia nilitaka kumshtua kwa furaha. Akasema mshtuko ameupata, furaha bado anaisubiri.

Sababu ninayo. Mama mkwe anaishi huku ughaibuni kwa mwanawe, yaani shemeji yangu, na Alhamisi saa nne asubuhi anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Amengoja nafasi hiyo miezi minane. Akichelewa, anarudi mwisho wa foleni. Shemeji alipanga kumpeleka kwa treni. Treni! Nitampeleka mimi, tena kwa gari. Miaka tisa nimemwoa binti yake na bado ananiita “yule”. Safari moja tu, na hilo litakwisha.

Dada wa kaunta akauliza kama nimewahi kuendesha upande wa kulia wa barabara. Nikamjibu nimeendesha pande zote. (Ni kweli. Waulizeni trafiki wa kwetu.) Nikafungua mlango, nikaketi kwa madaha. Usukani hakuna! Uko upande wa pili. Nikajifanya napekua kabati la dashibodi. Humo mna kitabu cha maelekezo, kurasa mia tatu, lugha tano, hata moja siijui. Hivi ni nani huketi akaviandika vitabu hivi?

Jumanne, 7 Mei

Mazoezi. Gari halina klachi. Mguu wangu wa kushoto umekosa kazi, ukajitafutia: umekanyaga breki mara nne. Nikitaka kuwasha taa ya kona, waipa zinafuta kioo kikavu. Mke wangu akaniuliza kama mvua hiyo naiona peke yangu.

Kuna kitufe chenye picha ya kiti na mistari mitatu. Nani angeweza kukiacha? Nikakibonyeza. Kiti chake kikaanza kupata moto, na kuzima sijui. Amehamia nyuma.

Lakini nimegundua mbinu. Ili usisahau upande, chagua gari moja la mbele na ulifuate tu. Mwenyeji hawezi kukosea! Nikalifuata gari jeupe robo saa nzima, kona kwa kona, bila kosa hata moja, hadi ndani ya ua wa nyumba yake. Mzee akashuka akauliza nataka nini. Nikamwambia nimevutiwa na maua yake. Maskini, akafurahi! Akatutembeza tuta kwa tuta. Kumbe waridi hukatwa juu ya kichipukizi kinachotazama nje! Sikulijua hilo. Mke wangu anasema yeye hakuhitaji kulijua.

Jumatano, 8 Mei

Shemeji amekuja kunielekeza. Ana miaka sita hapa na hajawahi kushika usukani, lakini ushauri anao wa kujaza gunia. Tumefika kwenye mzunguko wenye njia tatu. Nikaingia vizuri kabisa. Kutoka ndiyo kazi. Tumezunguka mara saba. Duka la viatu, benki, kanisa, duka la viatu. Nikamweleza Shemeji kwamba nauchunguza mji. Raundi ya nane akaomba nipunguze mwendo, akaruka nje, akaenda zake kwa miguu.

Jioni akamsihi mama yake apande treni. Mama mkwe akasema magoti yake hayataki ngazi za stesheni, ataenda na yule. Nimeshinda! Mke wangu amenifuata jikoni akaniambia, taratibu, kwamba mama yake akiikosa nafasi hii yeye, mke wangu, hatanisemesha tena. Nimeogopa kidogo. Naandika hivi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 9 Mei

Tumeondoka saa mbili. Mama mbele, mke wangu nyuma, macho amefumba. Kile kiti cha moto kumbe ndiyo dawa ya kiuno! Mama akakisifia njia nzima. Ukungu ulio machoni mwake haumwonyeshi kitu zaidi ya mwanga. Akauliza mbona honi nyingi hivi. Nikamwambia wenyeji wanatusalimia. Akasema watu wa huku wana adabu, akaanza kuwapungia mkono, kulia na kushoto. Kisha akanipapasa bega akaniita mwanangu. Mwanangu! Nusura niache usukani.

Mbele yetu likatokea gari lenye jina la hospitali ubavuni. Nikalifuata. Likatupeleka kwenye kiwanda cha kufulia mashuka. Saa nne kasoro robo! Dereva wa mashuka akacheka, akasema hospitali tumeipita muda mrefu, nigeuze. Tumeingia mapokezi nesi akiita jina la Mama kwa mara ya tatu na ya mwisho. Mke wangu akalia. Mimi pia, lakini kwa siri, nyuma ya mashine ya maji.

Ijumaa, 10 Mei

Mama alilazwa usiku; leo bandeji imetolewa. Mama ameona! Amesoma hata maandishi madogo ukutani. Akamtazama binti yake, akamshika mashavu, akasema amekonda. Akanitazama mimi. Akasema alidhani ni mrefu zaidi.

Tukaanza safari ya kurudi. Mita mia mbili za kwanza alisoma mabango ya maduka kwa sauti. Kisha akauliza mbona magari yote yanakuja usoni kwetu. Nikamjibu ni salamu. Akaniuliza salamu gani ya lori. Ikafuata sauti ambayo sijui mtu wa umri wake anaitoa wapi. Kwenye taa nyekundu akafungua mlango, akakamata mkoba, akavuka barabara bila hata ile fimbo yake ya kutembelea. Magoti yaliyokataa ngazi yalipanda ngazi za stesheni mbilimbili. Mke wangu akamfuata. Hata hakugeuka.

Jumapili, 12 Mei

Mama hajanisemesha tangu juzi. Shemeji anatabasamu kila nikipita. Wote wanataka nijute, lakini nimelipima jambo hili kwa utulivu na kosa nimeliona. Ni la hospitali. Alhamisi asubuhi Mama alikuwa mtu mtulivu, wakamrudisha ana wasiwasi.

Jicho la kushoto wanalifanyia upasuaji mwezi ujao. Nimeshaagiza gari, safari hii lenye viti kumi na moja, ili Shemeji naye aje ajionee. Na daktari nimemwandikia barua ya heshima: ahsante kwa kazi yako, lakini hili la pili, tafadhali, usilisafishe sana.