Babu wa Ukutani

Wako wauza magari mabovu, wako wauza viwanja vya kinamasi. Dardo Lucero wa Rosario, Argentina, aliuza mababu. Kwa miaka kumi aliwauzia wenye kiu ya pasipoti ya Italia wazee waliokufa zamani, kila mzee na cheti chake cha ubatizo, muhuri wake, na doa la kahawa la kumzeesha. Kazi yote aliifanya kwa simu, kwa jina la Daktari Bonanni, na kila mteja alimtuliza kwa maneno yale yale: "Damu haipotei, rafiki yangu. Hupotea karatasi tu."

Lakini arobaini zake zilikuwa zinakaribia. Wateja waliofukuzwa pamoja na mababu wao wa bandia kwenye dirisha la ubalozi wa Italia walikuwa wanamsaka huyo Bonanni, na simu ilimtukana tangu asubuhi. Dardo aliona heri avuke bahari kabla sauti yake haijapata uso. Alihitaji pasipoti ya kweli, na fundi wa mababu, maskini ya Mungu, yeye mwenyewe hakuwa na babu Mwitalia. Babu zake wote wawili walichunga ng'ombe kule Santiago del Estero.

Ndipo alipoingia duka la tambi la Doña Nélida Parodi na kuona ukutani, kati ya Bikira Maria na bendera ya timu, cheti ndani ya fremu: Giacomo Parodi, amebatizwa karibu na Jenova, Italia, mwaka 1885. Jicho la kazi halikosei. Kile hakijawahi kuonja kahawa.

Machozi yakamtoka palepale. Hayakuwa mbali siku zote.

"Doña, mzee huyo... ni babu yangu."

Doña Nélida, mwenye miaka sabini na sita na unga mpaka viwikoni, alimtazama juu ya miwani. "Babu yako kwa nani, mwanangu?"

"Kwa marehemu baba. Mzee alikuwa akienda mji wa Casilda kuuza viatu, na huko Casilda palikuwa na mjane..."

"Aa, Casilda! Mungu amrehemu, miguu yake haikutulia."

"Tulifichwa, mama. Lakini damu haipotei. Hupotea karatasi tu."

Mwiko ulisimama sufuriani. Kisha ukaendelea kukoroga.

"Kweli kabisa," alisema Doña Nélida. "Na pua ni yake. Cheti nitakupa, ila binamu zako hawatakubali kitoke ukutani hivi hivi. Njoo Jumapili, tarehe ishirini na tisa, tule nyoki, vitonge vyetu vya viazi. Wakili wa viapo atakuwepo. Utaandika jina lako halisi, nambari ya kitambulisho na nyumba unayokaa. Huu ni ukoo, si genge."

"Hata leo, mama!"

Jumapili alikuta binamu kumi na saba. Wote walimbusu, na wote walitaka aongee. "Sema lolote, binamu, tukusikie!" Dardo akasema ya mvua, ya mpira, ya babu mpendwa. Wakatazamana na kuitikiana kwa vichwa, naye akadhani ufasaha wake umewagusa. Wakili akasoma kiapo cha ujukuu, Dardo akatia saini nakala tatu kwa mbwembwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi kalamu yake kuandika ukweli kuhusu jina la mtu.

Nyoki zikaletwa, zikifuka mvuke. Tarehe ishirini na tisa kila mtu huweka noti chini ya sahani yake, mwezi ujao uwe na heri. Dardo alitoa noti kubwa, akainua sahani. Chini yake palikuwa na karatasi tayari, yenye muhuri na doa la kahawa. Ilisema Giacomo Parodi hakuwahi kuchukua uraia wa Argentina. Aliitambua kazi ya mikono yake.

"Babu aliapa uraia wa hapa mwaka 1908, apate kazi ya reli," alisema Doña Nélida. "Baba yangu akazaliwa 1912. Aliyeapa kabla ya kuzaa hamrithishi mtu uraia wa Italia. Nimeyajua hayo dirishani, foleni nzima ikinicheka, baada ya Daktari Bonanni kuniuzia hiyo karatasi kwenye simu, kwa sauti yako hiyo hiyo. Niliuza cherehani ya mama yangu kuilipia."

"Mimi aliniuzia babu aliyekufa na miaka sita," alinguruma binamu mnene wa mwisho wa meza, ambaye, kama wenzake wote, hakuwa Parodi bali mteja.

"Wangu kabatizwa mara mbili, siku moja, miji miwili!"

Dardo alitazama mlango. Wakili alikuwa amehamishia kiti chake hapo, anakula.

"Mtaniitia polisi?"

"Polisi ni wa watu baki. Wewe umeapa u mjukuu wa nyumba hii, na wajukuu wa nyumba hii hufanya kazi. Utamenya viazi kila Jumapili mpaka sote tukusamehe, na mimi ni mgumu kusamehe. Ukitoroka, jina na nyumba yako tunavyo."

Kisha, kwa kuwa ahadi ni deni, akashusha fremu ukutani na kumkabidhi kwa mikono miwili. Dardo alimwegemeza babu yake kwenye gunia la viazi, akakunja mikono ya shati, akaanza kumenya.