Malalamiko Kuhusu Maji Yenu Yasiyo na Chini na Kijana Wenu Asiyejibu Salamu

Kwa Ndugu Meneja wa Bwawa la Kuogelea,

Nakusalimu, na afya nakuombea kwa moyo wote, kwa sababu nataka uisome barua hii mpaka mwisho ukiwa mzima. Mimi ni bibi wa yule msichana ambaye mwalimu wenu wa kuogelea amempachika jina la Kambare. Shule sikwenda. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa mlango wa pili, nami nimemwonya aandike kama ninavyosema, asinipunguzie maneno kama anavyowapunguzia watu vitambaa. Ameguna, lakini ameandika.

Ombi langu ni dogo. Naomba myatoe maji kwenye bwawa.

Usicheke kwanza, mwanangu. Nitakueleza taratibu, na ukifika chini utaona mwenyewe kwamba sina njia nyingine.

Mjukuu huyu nimemlea mimi tangu anatambaa, mama yake akiwa kwenye kazi za zamu. Na nyumbani kwangu kuna sheria moja: hakiendi kitu kwa mtoto kabla sijakijaribu mimi. Uji nauonja. Maji ya kuoga natia kiwiko. Viatu vipya vya shule nilivivaa kutwa nzima jikoni, vikanitoa malengelenge, vikarudi dukani. Dawa ya kikohozi nakunywa kijiko cha kwanza, nakaa, nikiona bado napumua, naye anakunywa. Ndivyo alivyokua, na wewe unamwona alivyonyooka.

Kitu kimoja tu kilinipita. Mwalimu wake wa darasani alisema mtoto haoni ubaoni. Nikamjibu amsogeze mbele. Hakunisikia, akaagiza apimwe, ikaja miwani, nikaijaribu kwa kutunga sindano, haikunisaidia kitu, na miwani haikai usoni mtu akipiga mbizi. Basi mama yake akamnunulia lenzi, vile vigamba laini vya kubandika juu ya mboni. Nikataka kuvijaribu kama kawaida. Mtoto akanikatalia, ati lenzi haziazimwi, ni kama mswaki. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kutumia bila mimi kukipitia, na hicho hicho ndicho kilichotaka kumtoa jicho.

Mwezi uliopita aliogelea humo kwenu akiwa nazo machoni, akarudi nazo, akalala nazo. Asubuhi jicho la kushoto lilikuwa jekundu, linachuruzika machozi, hataki hata pazia lifunguliwe. Nikamshika mkono mpaka kwa daktari wa macho. Daktari akammulika, akammulika tena, na daktari akirudia wewe jua kuna jambo. Mwishowe akasema kioo cha mbele ya jicho kimekwaruzika na wadudu wa majini wameshaingia, na kwamba tungekaa nyumbani kidogo zaidi tukingoja lipoe lenyewe, lingebaki na kovu. Mtoto angetazama dunia kwa ukungu mpaka anazeeka. Matone aliyotupa nilijitia mimi kwanza. Yanawasha. Nikamwambia yanawasha, ajikaze.

Jicho limepona. Sasa Jumamosi hii mnachagua timu, na mtoto halali kwa kuiwaza. Nami nimesema hatatia hata kidole cha mguu majini mpaka haya yafuatayo yapatiwe jibu.

La kwanza. Hamna tangazo. Mtu anaingia na lenzi machoni, wala hakuna wa kumwambia kuwa wadudu wa majini hujificha chini yake kama kunguni chini ya godoro, na kwamba dawa mnayotia majini haiwamalizi wote. Nimekaa kwenye benchi lenu mara nyingi nikitazama ukuta wa ng'ambo. Ukuta mtupu, na dirisha moja kubwa. Chora jicho, ulipige mstari mwekundu, hata sisi tusiosoma tutaelewa. Rangi mkikosa, fundi hapa ana chaki.

La pili. Maji yenu hayana chini. Nilipokuwa msichana, maji safi ulikuwa unayatazama unaona mchanga. Yenu nikiyatazama kutoka kwenye benchi naona samawati iliyokorogwa, basi. Mmeficha nini humo? Mtu mwenye chini nzuri haifichi.

La tatu, na hili limeniuma mwenyewe. Yuko kijana wenu husimama ng'ambo, karibu na lile dirisha. Fulana yake ina mistari myekundu na myeupe, kifua kipana, miguu myembamba, umbile simlaumu. Kila nikifika namsalimu. Namwuliza habari za kazi, namwuliza mama yake hajambo. Hajawahi kunijibu. Hata mkono hainui. Na huyo ndiye mliyemweka aokoe watu! Mtoto wangu akizama saa hiyo, huyo atamtoa, au atasimama vile vile amevimba kifua? Siku moja nilimpelekea salamu kwa sauti mpaka wanawake wa benchi la pili wakageuka wakanitazama mimi, badala ya kumtazama yeye asiye na adabu.

La nne. Ugonjwa huo wa kutojali unaambukiza, maana na Kambare ameupata. Nyumbani mtoto huyu ananifuata kama mkia. Akishaingia majini hana habari na mimi. Nimebeba taulo, nimebeba ndizi, nimekaa kwenye benchi gumu mpaka nyonga zinalia, naye anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, hajiulizi kama bibi yake yuko hai. Sijamwambia kuwa linanikereketa. Nakwambia wewe.

La tano. Kwa kuwa hamna tangazo, maji hayana chini, na mwokoaji ana kiburi, naomba pale mlangoni awekwe mtu wa kukagua macho. Asiwe yule wa fulana. Kila anayeingia afungue jicho, amulikwe. Mwenye lenzi azitoe, azitie kwenye kikopo na dawa yake yenyewe, si maji ya bomba wala mate, maana daktari amesema wapo wanaolamba na kurudisha machoni, Mungu awasamehe. Asiyeweza kuona kabisa bila lenzi avae zile za siku moja, na juu yake miwani ya kuogelea iliyobana kama kifuniko cha chupa, na akitoka majini azitoe azitupe hapo hapo mbele ya mkaguzi. Jicho likiwasha, lenzi itoke na mtu apelekwe kwa daktari, hakuna kungoja kesho.

La sita. Nimekaa nikafikiri, nikaona mkaguzi naye ni binadamu. Atakwenda kunywa chai. Ataingia mtu na lenzi zake mkaguzi akiwa na kikombe mkononi. Sasa ukimwondoa mkaguzi, kinachobaki kugombana na lenzi ni maji. Na ukiondoa maji, ugomvi umekwisha. Shimo libaki, likaushwe, litandikwe magodoro, na watoto walale kifudifudi wapige mikono na miguu kama wanavyofundishwa. Mbio zitakuwa zile zile. Atakayechoka mwisho ndiye mshindi. Hakuna atakayezama, kwa hiyo na yule kijana mtamwachisha kazi, mkapata nafuu mbili kwa mpigo.

Fundi ameniuliza kama nina hakika na hili la sita. Nimemwambia ashone yake.

Najua utasema macho ya mtoto yalikuwa mabovu tangu awali. Hapana. Ukoo wetu hatuna macho mabovu. Hajawahi kuvaa miwani mtu kwetu kabla ya huyu. Mimi umri huu natunga uzi kwenye sindano bila msaada, na fundi huyu, kijana mwenye miwani minene, huniita nimtungie. Kweli mbali naona ukungu, lakini mbali kila mtu anaona ukungu, ndiyo maana pakaitwa mbali.

Nangoja jibu kabla ya Jumamosi. Msalimie mkeo, wasalimie wanao na wanaofagia vyoo, kwa kweli vyoo ni safi. Mwalimu wa kuogelea mwambie kambare ana sharubu, mjukuu wangu hana. Na yule kijana wa fulana msalimie pia. Mimi sichoki.

Ndimi mwenye uchungu na mtoto na asiye na ugomvi na mtu,
Bibi yake Kambare

Nyongeza. Fundi amekataa kuandika barua upya, ana magauni ya harusi yanamsubiri. Kwa hiyo hapo juu pabaki palivyo, na haya yasomwe baada yake.

Jana nilisema niilete barua mwenyewe. Njiani tulipitia kwa daktari kuchukua miwani ya kuogelea ambayo vioo vyake vimepimwa kwa macho ya mtoto, ili aogelee bila lenzi kabisa. Tulipofika akaniomba aingie kidogo, aage maji. Nikamkubalia, lakini kwa ile miwani yake ya zamani ya kuogelea, ya vioo vitupu, kwa sababu hii mpya nilikuwa sijaijaribu. Lenzi akaziacha nyumbani, nilimkagua macho mwenyewe.

Nikakaa kwenye benchi, nikaivaa ile mpya.

Ndugu Meneja, tangazo lipo. Ni lile nililodhani dirisha. Lina jicho kubwa kama sinia, na mstari mwekundu.

Maji yana chini. Ina vigae vidogo vya samawati na mistari myeusi, hata pini ya nywele ya mtu niliiona.

Yule kijana ni boya la kuokolea watu. Limetundikwa juu ya nguzo mbili za chuma. Wanawake wa benchi la pili wangeweza kuniambia.

Nilipomaliza kuona hayo, mtoto alikuwa amefika ukutani ng'ambo. Akashika ukingo, akageuka, akainua mkono, akanipungia. Akaja huku, akarudi, akafika pale pale, akanipungia tena. Nilimwuliza alipotoka, umeanza lini mambo haya? Akasema tangu siku ya kwanza, kila akigusa ukuta. Nikamwuliza, na leo bila lenzi ulikuwa unaniona? Akasema hapana, haoni hata benchi, ila anajua nipo.

Tulirudi kwa daktari, naye amesema macho hayo mtoto ameyatoa kwangu, na kwamba kutunga sindano karibu na pua si kipimo cha kitu. Nami napimwa Jumatatu. Mjukuu amesema atakaa kwenye kiti yeye kwanza, ajaribu.

Basi maji yaacheni. Jumamosi ataogelea na miwani yake mpya, imejaribiwa, haina neno, ila inavuta nyusi. Mimi sitaona kitu siku hiyo, lakini akigusa ukuta nitainua mkono, na yeye ataniona. Naomba benchi lile lile.

Na boya nitalisalimu, nimeshalizoea.