Sigari ya Golf na Samaki ya Pweto

Habari ilianzia ku bomba ya maji, mu mutaa ya Katuba. Balisema kuna mwanaume moja mu Lubumbashi mwenye anaingia mu nyumba ya batajiri muchana, mulango wazi, kahawa mu mukono, na wakati anatoka ameiba moshi. Si televizyo, si feza. Moshi. Kila mama mwenye alisikia alicheka, akapandisha ndoo yake ku kichwa, akaenda. Lakini habari yenyewe ilikatala kutoka. Ukisonga bukari, iko pale. Ukifua kaptula ya batoto, iko pale. Ukilala, inakuuliza: kama bakubwa banaweza kuibiwa moshi, mutoto wako mwenye anapenda maneno ya sukari atapona na nini? Basi njo maana inaandikwa yote hapa, tangu mwanzo, bila kuongeza chumvi kupita ile yenye samaki ilikuwa nayo.

Mwanaume huyo aliitwa Constantin, wa Katuba. Alikuwa na miaka makumi tatu na ine, shati moja nyeupe, na kazi nyingi kuliko bantu kumi. Alisha kuwa expert wa kuchuja maji. Alisha kuuza marashi ya gari. Wiki mbili alikuwa hata mushauri wa kuku ya mayai, mpaka kuku ikakufa yote, na yeye akabadilisha numero ya telefone.

Shida yake ilikuwa moja, na jina yake Delphine. Delphine alikuwa anauza samaki ya kukauka ya Pweto mu soko ya Kampemba, na Constantin alimupenda kweli, hapo tu njo hakuwa anadanganya. Lakini Delphine alikuwa na baba. Papa Mutale alifanya kazi ku reli miaka makumi tatu, na sura yake ilikuwa sawa saa ya gare ya treni. Alimwambia Constantin hivi:

"Mutoto, Siku ya Mungu ya tatu kutoka leo utakuya hapa kujitambulisha. Sitaangalia viatu. Nitakuuliza kazi yako inaitwaje, na iwe na jina ya neno moja: fundi, mwalimu, shofere. Ukinipa maneno mawili, utakunywa maji, utarudi kwenu."

Constantin alitoka pale akijua kama feza tu njo itamuokoa. Muntu mwenye feza nyingi anaweza kusema "mufanyabiashara", neno moja, na hakuna mwenye atamuuliza ya pili.

Siku ya posho, ile ya mbele ya Siku ya Mungu, alikuwa ku ndoa mu Golf, mutaa ya batajiri. Hakualikwa, lakini shati yake ilionekana sawa imealikwa, na ilitosha. Ku meza ya mbele kulikuwa Patron Kalenga, muuza mawe ya shaba, na bageni yake ya Ulaya. Patron alitoa mu koti sigari, zile tumbako nene ya kuviringisha zenye kuvaa pete ya karatasi, akagawa. Mugeni moja akauliza: hii ya wapi, ya mwaka gani?

Patron Kalenga akaangalia sigari. Sigari ikamuangalia.

"Ya kuvuta," akajibu.

Meza yote ikacheka. Patron naye akacheka, lakini masikio yake haikucheka. Constantin aliona ile masikio kutoka mbali, na moyo yake ikaruka. Akangojea bageni bainuke kucheza, akakuya kuinama pembeni ya kiti.

"Samahani, papa. Sigari ya papa haina kosa. Yenye kukosa ni etiketi."

Patron akamuita kwake, na usiku Constantin hakulala mapema, alisoma mu telefone mpaka betri ikakufa. Siku ya kazi ya pili akafika Golf na malete, sanduku ndogo ya mukono ya kufunga na ufunguo, gundi, makasi na karatasi nzuri. Patron akamupeleka ku salon, chumba ya bageni, akamuonyesha sanduku ya mbao ya sedre, kubwa sawa kabati ya mutoto, na vioo mbele, na ndani sponji ya maji ya kulainisha hewa. Sigari ilikuwa imelala mule sawa kuni. Pembeni yake kulikuwa dawa ya kikohozi na chupa ya pili-pili, juu ya kuwa patron aliona mule ni baridi.

Constantin akashika kichwa, kwa huzuni ya muntu mwenye ameona ajali.

"Papa, toa pili-pili. Tumbako ni sawa mugeni mwenye kukaa. Akilala siku mbili mu nyumba, anachukua harufu yote ya nyumba."

Mushike ile neno vizuri. Yeye mwenyewe hakuishika.

Akaeleza yote: sigari ya polepole juu, ya nguvu chini, ya nchi moja pamoja, na ku kila kundi etiketi: jina, kwenye ilitoka, mwaka. Patron akafurahi mpaka akaitisha kahawa. Ku etiketi ya kwanza akasema hii aliinunua Pasaka ya juzi. Constantin akachukua kalamu. Patron akaangalia mulango.

"Andika iko na miaka kumi."

"Papa?"

"We ni expert ao hapana?"

"Kumi na moja, papa. Kumi inaonekana sawa uongo."

Hapo muangalie vizuri, bamama. Mwizi hakuvunja mulango. Mwenye nyumba alimufungulia, akamupa na kahawa.

Sasa mu parcelle, kiwanja ya jirani ya Constantin, kulikuwa Ma Chilufya, mujane mwenye kuuzia bazee tumbako ya mugini mbele ya kanisa. Mikono yake iliviringisha majani tangu Constantin hajazaliwa. Constantin alimuletea sigari moja ya mufano, akasema anaomba makumi tatu sawa hii, ni ya teatro ya paroisse, muchezo ya kanisa. Ma Chilufya akaigeuza, akaipima mu kiganja.

"Mutoto, hii ni ya kuvuta ao ya kusongea bukari?"

Lakini akakubali. Akachagua majani ya muzuri, juu hakujua kufanya kazi ya mubaya hata ya teatro, na akaishikamanisha na uji mwepesi. Siku tatu, kumi kwa siku. Kila asubuhi Constantin aliingia Golf na sigari kumi ya Katuba mu malete, na kila mangaribi alitoka na kumi ya ng'ambo. Pete ya karatasi alikuwa anaivua polepole ku ya kweli, anaivalisha ya Ma Chilufya, sawa muntu mwenye kufungisha ndoa. Pete tano tu zilipasuka. Kwa zile tano ilibidi atafute jina mupya, na kichwa ilikuwa imechoka, na kila saa aliona uso ya Ma Chilufya. Basi akaandika kwa mwandiko wa kupendeza kabisa: "Chilufya, Réserve, miaka 11."

Patron Kalenga alimushika mukono na mikono mbili, akamupa bahasha, na kulia kidogo akalia.

Ikabaki kuficha. Kwake Constantin alilala mu chumba moja na bandugu batatu benye kuvuta hata chai kama ikikauka. Akamuomba Delphine amutunzie karton ya "karatasi ya kazi" mu depo yake ya Kampemba. Delphine akamuonyesha nafasi nyuma, katikati ya magunia ya samaki. Constantin akaona ni nafasi ya akili sana: mwizi gani atatia pua pale? Na yeye, yeye mwenye alitoa pili-pili mu sanduku ya patron, akasukuma karton mpaka ndani, akaenda akipiga mluzi. Ikalala mule siku ine.

Siku ya kazi ya pili ya juma ya kufuata akapeleka karton kwa Guelord, mwenye kuuza binywaji mu hoteli moja ya katikati ya muji na mwenye alisha kumuahidi feza ya muzuri. Guelord alichukua sigari kwa vidole viwili, akaipitisha chini ya pua sawa anavyofanya mukubwa. Akasimama. Akaipitisha tena, ili asimuonee muntu.

"Mukubwa," akasema, "hii inaomba nyanya na kitunguu."

Constantin alinusa. Alinusa ya pili, na ya tatu. Samaki, samaki, samaki. Guelord akamurudishia karton pole-pole, akamuuliza kama iko na miba. Constantin akairudisha ku depo, sawa muntu mwenye kurudisha mugonjwa mu kitanda.

Lakini harufu haiendi njia moja. Siku ya kazi ya tano mama moja alirudisha samaki kwa Delphine. Hakukasirika, alitaka kujua tu.

"Mama samaki, hii ilikuwa inavuta?"

Wa pili akarudisha. Wa tatu akasema bwana yake alikula mpaka akaomba konyagi. Delphine akafuata pua yake katikati ya magunia, akafungua karton. Sigari makumi tatu, na juu yake karatasi kwenye Constantin alijifunzia kuandika etiketi: "Maison Kalenga, Golf" mara kumi, na "Chilufya" mara ine. Hakupiga kelele. Alifunga depo, akaenda Katuba kumutafuta Ma Chilufya, na asubuhi ya kufuata bakapanda taxi bote babili kwenda Golf.

Constantin hakujua kitu. Siku ya Mungu ikafika, akavaa ile shati, akakaa mu salon ya Papa Mutale, kule Kampemba. Akapewa maji. Papa Mutale akaweka saa yake mezani.

"Basi. Kazi yako inaitwaje?"

"Organisateur wa..."

Papa Mutale akainua kidole kimoja.

"Expert," akasema Constantin.

"Wa nini?"

"Wa hali, papa."

Hapo gari ya jip ikasimama inje. Akaingia Patron Kalenga, na nyuma yake Ma Chilufya na kitambaa mupya ku kichwa. Constantin akaangalia dirisha. Delphine alisha kusimama pale, karton mu mikono.

Patron aliongea na kiti, hakuongea na Constantin. Alisema mangaribi ya siku ya kazi ya tano bageni yake balivuta, na balisifu yote, lakini ile tano ya Chilufya balivuta kufunga macho, sasa banataka mia.

"Patron alitaka kuita polisi," akasema Delphine. "Nikamuuliza kama polisi itasoma etiketi yote, na ile miaka kumi na moja."

Patron akapenda sana plafon ya Papa Mutale, akainua kichwa kuiangalia.

"Miaka kumi na moja gani?" akauliza Ma Chilufya. "Niliviringisha siku ya kazi ya tatu, na mafua."

Mambo yote ilikuwa imepatana ku Golf, bila Constantin. Ma Chilufya ataviringisha kwa jina yake mwenyewe, Patron atanunua, Delphine atauza kwa bengine. Ilikosekana kitu moja tu: Ma Chilufya hakujua kuandika, na etiketi ya muzuri, nani alisha kuiandika? Bote bakageuka. Papa Mutale akasogeza saa.

"Ninauliza mara ya mwisho."

Constantin akaangalia karton. Mu maisha yake yote maneno haikuwa imemukosa, na sasa alitafuta moja tu.

"Muandikaji," akasema.

"Neno moja," akasema Papa Mutale. "Ya tarehe ya kweli. Mwaka moja tutakuangalia, kisha utarudi kukaa mu hiyo kiti."

Delphine akafungua karton. Patron alikataa kurudishiwa, alisema sanduku yake haipiki. Basi ni yako, Delphine akamwambia Constantin, utavuta moja kila Siku ya Mungu, hapa, mbele ya baba, mpaka iishe. Akamuwashia ya kwanza yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Constantin alivuta. Alitoka machozi. Na wakati alienda, pushi ya Papa Mutale, paka muzee mwenye hakujisumbua hata na panya, aliinuka, akamufuata kutoka Kampemba mpaka Katuba.

Basi bya kuepuka ni hivi:

Muntu mwenye kuingia na malete ya kufunga, na kutoka nayo.

Kumuacha peke yake mu salon, hata kama anaongea muzuri.

Kuandikisha tarehe ya uongo. Siku ukiibiwa, hutaweza kulalamika.

Kutunza karton ya mwanaume bila kuifungua. Hata kama anakupenda. Zaidi kama anakupenda.

Tumbako pembeni ya samaki.

Samaki pembeni ya tumbako.

Kazi ya maneno mawili.

Kucheka habari ya ku bomba ya maji, na kwenda.