Uzinduzi wa Kituo cha Kusuluhisha Wateja na Benki, Soko la Seonam

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Seonam, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Meneja wa benki, mlezi na mfadhili wa shughuli hii. Mwenyekiti wa wauza kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Waheshimiwa mliokwisha kuvaa glavu nyeupe za kukatia utepe. Nanyi wengine, kila mtu kwa nafasi yake: itifaki imezingatiwa. (Makofi, hasa kutoka viti vya benki.)

Mimi, Tak Gyeong-sik, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao hata mke wangu huusifu, kuzindua kituo hiki, matunda ya mchakato shirikishi, upembuzi yakinifu, semina elekezi ya kisiwani Jeju pamoja na familia, na mkakati wa kidijitali ambao asilimia tisini na nane ya wadau waliridhika nao kabla hawajausoma. (Sauti: "Na hao wawili?") Ni wewe na mkeo, mzee, kaa chini! (Kicheko.)

Namwona Bibi Pyo Bun-rye, muuza tofu, jibini ya soya. Shikamoo, bibi. Kwa kuwa magoti yake hayamwezi kwenda benki kila mara, bibi huyu alimwachia karani wa benki muhuri wake wa jina, ambao kwetu ndio sahihi, kama tufanyavyo sote, maana kijana yule humwita nyanya. Naye kijana, kwa moyo huo huo wa kifamilia, akagonga muhuri, na amana ya pango ambayo bibi alimwekea mwenye nyumba ikahamia kwenye bidhaa ya uwekezaji yenye mvuto wa kimataifa. (Bibi Pyo: "Ikayeyuka! Na mwenye nyumba anaitaka mwisho wa mwezi. Nitalala wapi, mwanangu?") Swali zuri sana, na serikali imelipokea. (Miguno.)

Lakini tusitafute mchawi. Benki inasema muhuri ni wa bibi. Bibi anasema mkono haukuwa wake. Hapo ndipo anapohitajika msuluhishi huru, mwenye uzoefu na suala lenyewe, na kwa hiyo tumemteua karani yule yule. (Zomeazomea. Kipande cha tofu kinampita mzungumzaji sikioni.)

Mteja kwanza! (Sauti: "Wa kwanza kulia!") Haki mlangoni pako!

Nimalizie kwa kuishukuru benki iliyotuazima ukuta wake wa nyuma, na fundi aliyeuchora mlango wa kituo kwenye ukuta huo, pamoja na kitasa, hata ukadhani ni wa kweli. Hicho kilichopaswa kuwa nyuma yake tutakiombea bajeti. Bibi Pyo, acha kuusukuma mlango, mama. Rangi bado mbichi.